Upishi wa Kiitaliano kwa Shughuli za Lamu: Soma Kabla ya Kupokea Oda

Kijitabu hiki ni cha wapishi wanaotaka kupika chakula cha Kiitaliano na kukipeleka kwa wateja: nyumba za wageni za Shela, hoteli za Manda, majahazi ya matembezi, hata harusi. Soko lipo. Malindi, ambako Waitaliano wameishi miongo mingi, piza na aisikrimu zimekuwa vyakula vya kila siku, na mgeni anayeshuka Lamu huulizia ladha hiyohiyo. Wapishi wetu hawashindwi na kamba, ngisi wala nyanya. Kinachowashinda ni baridi, na hilo ndilo tunalokuja kulisema, tena kwa ukali.

Karatasi, kwa ufupi

Sajili jina la biashara, uwe na PIN ya KRA, chukua leseni ya biashara ya kaunti, na jiko likaguliwe upate leseni ya usafi wa chakula. Pombe ina leseni yake mbali. Anayetaka kujenga tanuri la piza ndani ya Mji wa Kale asiguse ukuta kabla ya kuwaona Makavazi ya Taifa: mji ule umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2001. Mengine utaelezwa afisini.

Cheti cha afya ni cha kila mtu anayegusa chakula, naye hupimwa kila miezi sita. Kila mtu ni pamoja na anayeosha sahani na kijana anayebeba sufuria hadi kwenye boti. "Huyu ni mwanangu, namjua" si cheti.

Tambi zilizolala

Mambo huenda hivi. Mpishi wa Langoni amepata oda ya watu arubaini upande wa Manda. Saa nne asubuhi anachemsha tambi, anazichuja, anazitia mafuta zisigandane, anazifunika kwa kitambaa. Mchuzi wa kamba umebaki sufuriani. Maji yamekupwa, boti inachelewa. Mzigo unapanda punda, unashuka gatini, unangoja juani. Wageni wanakula saa mbili usiku. Chakula hicho kimekaa saa kumi katika joto la kaskazi, na mpishi anajisifu kwamba amejitayarisha mapema!

Kati ya nyuzi 5 na 60 za selisiasi vijidudu huzaana upesi. Vingine huongezeka maradufu kila dakika 20. Chakula kilichopikwa kisikae katika joto hilo zaidi ya saa mbili. Tunarudia: saa mbili.

Wala usituambie utakipasha moto. Yuko bakteria aitwaye Bacillus cereus, hupatikana sana katika wali na tambi. Mbegu zake hustahimili kuchemshwa. Chakula kikipoa polepole huamka, na baadhi huacha sumu ambayo moto wa jikoni hauiondoi. Mwaka 2008, mjini Brussels, Ubelgiji, kijana wa miaka 20 alikula tambi za mchuzi wa nyanya zilizokaa jikoni siku tano bila friji. Alizipasha moto kwanza. Hakuiona asubuhi ya pili.

Kwa hiyo peleka tambi zikiwa kavu, uzichemshe kulekule kwenye shughuli. Mchuzi uliopikwa mapema umimine katika sinia pana upoe haraka, kisha uingie friji; usiupoze ndani ya sufuria kubwa. Safarini uwe katika sanduku la barafu, na barafu yenyewe iwe ya maji safi, si ile iliyolaliwa na samaki. Nunua kipimajoto, kidole hakipimi. Stima ikipotea usiku kucha, usiuamini mlango wa friji uliofungwa: pima, na kilichopita nyuzi 5 kwa muda usioujua kitupwe. Hasara ya kamba ni ndogo kuliko hasara ya jina.

Tiramisu ya mayai mabichi tunaikataza kwa shughuli za kubebwa. Mteja akishikilia, mwambie hapana.

Kuhusu halali, sema kweli. Nyama ya nguruwe iwe na kisu chake na sufuria yake, na mwenye shughuli ajue. Jibini nayo iulizwe: Parmigiano-Reggiano, kwa mfano, hugandishwa kwa kimeng'enya kitokacho katika tumbo la ndama, na Mwislamu ana haki ya kuambiwa kabla hajala.

Watu wakiugua

Usifiche. Ukificha, wa pili na wa tatu wataugua kabla hatujajua. Mgonjwa apelekwe Hospitali ya King Fahd au zahanati iliyo karibu, nawe mjulishe afisa wa afya ya umma siku hiyohiyo. Kilichobaki usikimwage baharini. Kiweke kwenye friji kipimwe.

Tumeandika kwa Kiswahili chepesi ili asiwepo wa kusema hakuelewa. Una swali? Njoo afisini kabla ya kupokea oda ya kwanza, wala usiogope: ushauri hatuuzi.