Nabii Musa na Kukombolewa kwa Bani Israili



Tulipofikia kisa cha Nabii Musa (A.S.) katika darsa yetu ya tafsiri, mwenzetu mmoja alileta suali ambalo lastahili kujibiwa hapa ili wengi wanufaike. Alisema: Mitume walitumwa kuwaita watu kwenye Tauhidi. Basi kwa nini Nabii Musa, aliposimama mbele ya Firauni, alidai pia watu wake waachwe huru? Je, hilo si jambo la kidunia?

Jibu letu ni kwamba Nabii Musa hakulizua dai hilo kwa rai yake, aliamrishwa. Katika Sura Taha, aya ya 47, Mwenyezi Mungu amemfundisha yeye na nduguye Harun la kwenda kusema: kwamba wao ni wajumbe wa Mola wa huyo Firauni, na kwamba awaache Bani Israili waende nao wala asiwaadhibu. Dai hilo limekuja tena katika Sura Al-Aaraf, Ash-Shuaraa na Ad-Dukhan. Jambo lililotajwa mahali pane katika Kitabu cha Mwenyezi Mungu haliwezi kuwa jambo la pembeni.

Na sababu yake ni wazi. Firauni alidai uungu, na adaiye uungu hana budi kuwa na watu wa kumnyenyekea. Sura Al-Qasas, aya ya 4, yatueleza alivyofanya: aliwagawa watu wa nchi makundi makundi, akalidhoofisha kundi moja, akawachinja watoto wao wanaume na kuwaacha hai wanawake. Kwa hiyo, kumwambia kuwa Mola ni Mmoja kulikuwa ni kumwambia pia kuwa Bani Israili ni waja wa Mwenyezi Mungu, si waja wake yeye. Maneno hayo mawili hayatengani.

Sasa natutazame mafunzo matatu yaliyomo.

La kwanza ni adabu ya kudai haki. Musa na Harun waliamrishwa waseme na Firauni kwa upole, ijapokuwa alikuwa jeuri mkubwa. Nao hawakuficha kuwa wanamwogopa. Wakaambiwa wasiogope, kwani Mola wao yu pamoja nao, asikia na aona. Upole basi si woga, wala hofu si udhuru wa kunyamaza.

La pili ni jawabu la masimango. Firauni alipokosa hoja alimsimanga Musa: kuwa alilelewa kwao tangu utotoni, akakaa nao miaka mingi, kisha akatenda alilolitenda, yaani kumuua mtu. Musa hakulikana kosa lake, bali alilikiri. Lakini juu ya malezi, alimuuliza iwapo hiyo ndiyo neema ya kumsimbulia, hali amewafanya Bani Israili watumwa. Tuzingatie hapa. Kama watoto wasingalikuwa wakichinjwa, mama yake Musa asingalimtia mtoni, wala asingalilelewa katika jumba la Firauni. Wema afanyiwao mtu mmoja haufuti dhuluma wafanyiwayo watu wake wote.

La tatu ni ubaya wa kiburi cha nasaba. Katika Sura Al-Muuminun, aya ya 47, Firauni na wakuu wake walikataa kuwaamini wajumbe hao wawili kwa kuwa ni watu kama wao, na kwa kuwa kaumu yao ni watumwa wao. Hawakuitazama haki, walimtazama aliyeileta ni mtoto wa nani.

Hapa ndipo somo hili linapotugusa sisi watu wa mwambao. Sheria yetu iliukuta utumwa ulimwenguni, ikafungua milango mingi ya kuutoka: kafara, fungu katika zaka, na mwito wa Sura Al-Balad wa kumwacha huru mtumwa. Wako wazee wetu waliowaacha huru watumwa wao kwa kutaka radhi za Mola wao. Lakini wengi hawakufanya hivyo, na katika mwambao huu wa Kenya utumwa ulifutwa kwa sheria ya serikali ya kigeni, mwaka 1907. Sura Taha ilikuwa ikisomwa misikitini mwetu miaka yote hiyo. Je, si aibu kwetu kungoja wageni watuamrishe tuliyokwisha kuyasoma?

Na minyororo ya chuma ikiisha, hubaki minyororo ya ulimi. Hata leo yuko Mwislamu ambaye posa yake hukataliwa, si kwa dini yake wala kwa tabia yake, bali kwa kuwa babu yake alikuwa mtumwa. Mwenye kukataa hivyo naajiulize amesimama upande gani: wa Musa, au wa wale waliosema kuwa kaumu yake ni watumwa wetu? Mtume wetu (S.A.W.), siku Makka ilipofunguliwa, alimwamrisha Bilal, aliyekuwa mtumwa, apande juu ya Al-Kaaba aadhini. Hakuna mahali palipo juu kuliko pale.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atutakase nyoyo zetu na kiburi cha Firauni, na atupe ulimi laini na moyo thabiti wa Nabii Musa. Amin.