Homa ya Ini B na Mtoto Njiti

Katika somo hili tunaangalia homa ya ini aina ya B kwa mama mjamzito. Mwenye kirusi hiki kwa muda mrefu mara nyingi hajisikii kuumwa. Utafiti wa wanawake karibu 490,000 wa vijijini China, uliochapishwa 2017, ulionyesha kuwa wenye kirusi walikuwa na hatari zaidi, kwa asilimia 20 hadi 26, ya kujifungua kabla ya wiki 37. Ongezeko hilo si kubwa sana. Kinachotupa wasiwasi ni muda: mtoto anatakiwa kuchanjwa ndani ya saa 24, na njiti huja mama hajajiandaa. Akiambukizwa wakati wa kuzaliwa, watoto 9 kati ya 10 hubaki na kirusi. Akina mama, pimeni mapema kliniki, mkaulize ni kituo gani chenye chanjo hiyo. Kunyonyesha msiache.