Shahada si mwisho: Wasomi wetu wajifunze kwa Ibn Hajar

Kila mwaka vijana wetu wengi wa Kiislamu wanahitimu vyuo vikuu. Wanavaa majoho, wanapigwa picha, wazazi wanapika pilau na kumshukuru Mwenyezi Mungu. Baada ya hapo ile tasnifu iliyoandikwa kwa jasho huwekwa kabatini, na utafiti unaishia hapo. Ukimuuliza mhusika atakwambia ajira inambana, watoto wana ada, foleni za mjini zinamaliza siku na fedha za utafiti hakuna.

Mimi ni mwalimu wa somo la Elimu ya Dini ya Kiislamu, na hoja hizi nazisikia mara kwa mara kutoka kwa wanafunzi wangu wa zamani. Sizidharau, kwani ni za kweli. Hata hivyo, naona tatizo letu kubwa ni kwamba hakuna aliyetufundisha namna ya kuipanga kazi ya elimu ili idumu miaka ishirini au thelathini. Tulifundishwa kufaulu mitihani tu.

Ndugu msomaji, hebu tumtazame mtu mmoja aliyelimudu jambo hili. Huyu ni Al-Hafidh Ibn Hajar al-Asqalani, mwandishi wa Bulugh al-Maram, kitabu ambacho wengi wetu tumekisoma madrasa.

Ibn Hajar alizaliwa Misri mwaka 773 Hijria (1372 Miladia) na kufariki mwaka 852 Hijria (1449). Alifiwa na wazazi wote wawili akiwa mtoto mdogo, akalelewa na mfanyabiashara aliyeusiwa na baba yake. Wala ukubwani hakuwa mtu mwenye nafasi. Alisomesha, alitoa fatwa, alihutubu, na kuanzia mwaka 827 Hijria alishika ukadhi mkuu wa Misri, akiondolewa na kurudishwa mara kadhaa kwa jumla ya miaka ipatayo 21. Katikati ya shughuli hizo ndipo alipoandika Fat-h al-Bari, sharhe maarufu ya Sahih al-Bukhari. Aliweza vipi?

Kwanza, alichagua fani. Katika ujana wake alipenda sana fasihi, mashairi na historia. Ilipofika mwaka 796 Hijria alijielekeza kwenye hadithi, akakaa na mwalimu wake Zayn al-Din al-Iraqi kwa miaka kumi. Hakuyatupa aliyoyasoma kabla, bali aliyafanya yaitumikie fani yake. Msomi wetu wa leo mwaka huu anaandika juu ya benki za Kiislamu kwa kuwa kuna semina, mwakani anaandika juu ya mazingira kwa kuwa kuna mfadhili. Baada ya miaka kumi ana vyeti vingi vya ushiriki, lakini hakuna swali hata moja ambalo watu wakilipata watasema, nendeni kwa fulani.

Pili, alikuwa na siku yake. Fat-h al-Bari ilianza mwaka 817 na kukamilika mwaka 842 Hijria, yaani miaka 25. Kabla ya hapo alikwishamaliza utangulizi wake, ambao peke yake ni kitabu kikubwa. Mwanafunzi wake, al-Sakhawi, ameeleza jinsi kazi ilivyokwenda. Sheikh aliandika sehemu kidogo kidogo, wanafunzi wakubwa wakazinakili, kisha siku moja kila wiki wakakutana kusoma, kulinganisha nakala na kujadiliana. Siku moja tu kwa wiki! Lakini ilishikwa kwa robo karne. Nani kati yetu hana saa tatu za Jumamosi au Jumapili? Saa hizo tunazo, isipokuwa simu na baraza za kahawa zimetutangulia kuzichukua.

Tatu, alikubali kukosolewa. Hapa naomba tutulie kidogo. Imepokewa kuwa Ibn Hajar mwishoni mwa umri wake hakuridhika na vitabu vyake vingi, kwa sababu aliviandika mwanzoni na hakupata watu wa kuvihakiki pamoja naye. Vile vichache alivyoviridhia, Fat-h al-Bari ikiwamo, ni vile vilivyopitiwa na kurekebishwa. Mtu wa daraja lake anaona kazi isiyokaguliwa na wenzake ina upungufu! Sisi leo tunaogopa hata kumwonesha mwenzetu rasimu, tukidhani tutaonekana hatujui. Wengine wanakimbilia majarida ya kitapeli yanayopokea fedha na kuchapa chochote bila ya mtu kukisoma. Huko ni kununua jina, na jina la kununua halidumu.

Nne, alitafiti yaliyowagusa watu na hakuficha aliyoyaona. Mwaka 819 Hijria tauni iliwaua binti zake wawili, Fatima na Aliya. Akaanza kuandika kitabu juu ya tauni, na akakikamilisha mwaka 833, mwaka ambao tauni ilimchukua binti yake mwingine, Zayn Khatun. Ndani yake ameeleza kuwa mwaka huo watu wa Cairo walitoka kwa wingi kwenda jangwani kuomba dua ya pamoja, wakati vifo vilikuwa chini ya 40 kwa siku. Baada ya mkusanyiko ule vifo viliongezeka hadi vikapita 1,000 kwa siku. Ni kadhi, ni mwanachuoni wa hadithi, ni baba aliyefiwa, na bado ameandika idadi kama ilivyokuwa. Huo ndio uaminifu wa mtafiti.

Aidha, tusisahau nyumba yake. Mkewe, Uns Khatun, alikuwa mwanachuoni wa hadithi na alisomesha. Ndoa haikuizima elimu yake. Wako dada zetu wenye shahada nzuri ambao baada ya harusi hawakugusa tena kalamu, na waume zao wanaona sawa tu. Waume tujiulize.

Kwa upande wetu wa Afrika Mashariki, tunaye Sheikh Abdallah Saleh Farsy, aliyekuwa mwalimu wa shule kisha kadhi. Tafsiri yake ya Qur'an kwa Kiswahili ilitoka kwanza juzuu kwa juzuu, na kitabu kizima kikachapwa mwaka 1969. Naye alikuwa na kazi na familia kama sisi.

Ninayasema haya kwa sababu kazi ipo na inatusubiri. Katika nyumba za Unguja, Lamu na Bagamoyo kuna hati za kale zinazoliwa na mchwa. Kuna wazee wanaokumbuka nani alianzisha madrasa ipi na waqfu upi ulikuwa wa msikiti gani. Kila tunapomzika mmoja, tunazika na kumbukumbu zake. Kisha wakija wageni kuandika historia yetu, tunalalamika kuwa wameipotosha.

Hivyo basi, pendekezo langu ni jepesi. Wewe uliyehitimu, chagua swali moja linalohusu mtaa wako, msikiti wako au taaluma yako. Tenga siku moja ya wiki. Tafuta wenzako watatu au wanne wasioogopa kukwambia umekosea, mkutane hata msikitini baada ya Alasiri. Weka daftari la kila ulichosoma na ulikokisoma. Nanyi viongozi wa misikiti, fungueni maktaba zenu, maana nyingi zina kufuli kuliko wasomaji.

Ibn Hajar alipomaliza Fat-h al-Bari alifanya karamu iliyogharimu dinari zipatazo 500. Sisi tunafanya karamu siku ya kupokea shahada, kabla kazi yenyewe haijaanza. Tumuombe Allah (S.W) atupe subira ya kuianza na kuidumisha.

Wabillahi tawfiq.