JE, MTEJA AONYESHWE PICHA KABLA MPIGA PICHA HAJAMALIZA KAZI?

Katika makala haya nimenuia kulichambua swali lililozua kelele nyingi chamani muhula wa pili. Je, mpiga picha akiwa angali anampiga mtu picha ya sura, yampasa amwonyeshe zile ambazo amekwisha kuzipiga, au anyamaze mpaka mwisho? Waliosema anyamaze walishinda kwa kura, nao walishangilia mpaka mwalimu wa zamu akaja kuchungulia. Lakini kura ni kura tu, na mimi sikuridhika. Jumamosi na wakati wa likizo humsaidia mjomba wangu katika studio yake ndogo karibu na steji ya matatu, kwa hivyo jambo hili nimelishuhudia kwa macho yangu.

Kwanza historia kidogo. Enzi za filamu swali hili halikuwa na maana, kwa sababu mpiga picha mwenyewe alikuwa bado hajaiona picha. Filamu ilibaki gizani ndani ya kamera mpaka ipelekwe kutiwa dawa na kusafishwa. Mteja alipewa risiti akaambiwa arudi baada ya siku kadhaa. Filamu ya kawaida ya milimita 35 ilikuwa na nafasi 36, na kila nafasi ilikuwa pesa. Huko Bamako, nchini Mali, Seydou Keïta alifungua studio yake mwaka 1948 akitumia kamera kubwa ya picha za sentimita 13 kwa 18, na aghalabu alimpiga mteja mara moja tu. Mara moja! Lakini ukutani alikuwa ametundika picha za mfano, mteja akazitazama na kuchagua mkao anaoutaka. Kumbe basi hata yeye alionyesha picha, ila alizionyesha kabla ya kazi kuanza. Hoja hii upande wa upinzani haukuigusa kabisa.

Picha za papo hapo nazo zilitokana na swali la mtoto. Edwin Land wa Marekani alisimulia kwamba mwaka 1943 alimpiga picha binti yake wa miaka mitatu, na yule mtoto akamwuliza mbona hawezi kuiona picha sasa hivi. Mwaka 1947 Land alionyesha hadharani kamera iliyotoa picha kwa muda wa kama dakika moja, na mwaka 1948 ikaanza kuuzwa kwa jina la Polaroid. Wapiga picha wa studio wakaipenda kwa kujaribia mwanga kabla ya kutumia filamu yao ya bei ghali. Baadaye, mwaka 1995, kampuni ya Casio ilitoa kamera ya dijitali iliyokuwa na kioo cha kutazamia picha upande wa nyuma. Tangu kamera za namna hiyo zienee, kila mteja anajua kwamba picha yake imo mle ndani na inaweza kuonekana. Ndiyo maana anainyoshea shingo.

Sasa tuingie katika hoja zenyewe. Wanaopinga wana sababu nzito, na sitaki kuzidharau. Likizo ya Agosti msichana mmoja wa rika langu alikuja kupigwa picha ya siku yake ya kuzaliwa. Baada ya kila mlio wa kamera alikuwa akisema, "Hebu nione." Mjomba akamwonyesha. Ya kwanza alicheka. Ya pili akanyamaza. Ya tatu akasema, "Lo! Mdomo wangu umepinda." Tangu hapo hakuweza tena kuusahau mdomo wake. Aliubana, akauficha kwa mkono, akajaribu kutabasamu upande mmoja ili kuunyoosha, na kila picha ikawa mbaya kuliko iliyotangulia. Saa nzima ilipita. Watu watatu waliotaka picha za paspoti walichoka kungoja wakaenda kwa jirani. Mwishowe yule msichana aliondoka bila kununua hata moja, machozi yakimlengalenga. Mjomba hakupata hata shilingi, na kodi ya chumba haingoji.

Je, mdomo wake ulikuwa umepinda? La. Nilimtazama sana (kwa nia njema, msianze maneno yenu) na niliona uso wa kawaida. Ndipo nikatafuta sababu. Kila siku sisi hujiona katika kioo, na kioo hugeuza kushoto kuwa kulia. Hakuna uso ulio sawa kabisa pande zote mbili. Kamera hukuonyesha jinsi wengine wanavyokuona, kwa hiyo kile kipindo kidogo ulichozoea kukiona upande huu kinahamia upande ule, nawe unadhani umeharibika. Mwaka 1977 watafiti wa Marekani walichapisha majaribio yao kuhusu jambo hili. Watu wengi walipenda zaidi picha yao iliyogeuzwa kama ya kioo, lakini marafiki zao walipenda ile isiyogeuzwa. Jambo ambalo macho yamelizoea ndilo linaloonekana zuri. Laiti yule msichana angeelezwa hivyo mapema, huenda asingelia.

Simu nazo zimeongeza balaa. Unapojipiga mwenyewe kwa umbali wa sentimita 30 hivi, pua hukaribia lenzi kuliko masikio, nayo huonekana kubwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulikadiria kwamba upana wa pua huongezeka kwa karibu asilimia 30 kwa umbali huo. Mpiga picha wa studio husimama mita moja na nusu au mbili kutoka kwa mteja, na sura hutulia. Lakini mteja aliyezoea picha za simu huja akiwa tayari ameuhukumu uso wake.

Kwa hivyo kumbe nakubaliana na wapinzani? Hapana, ngojeni. Kuna nyanya mmoja aliyeletwa na mjukuu wake. Alitaka picha ya kumpelekea mwanawe anayefanya kazi Qatar. Mjomba alimkalisha kitini, akampiga kuanzia kifuani kwenda juu, mwanga ukiwa mzuri kabisa. Akazipiga nne. Kisha akainama akamwonyesha moja. Nyanya aliitazama kwa muda, halafu akauliza, "Mwanangu, mbona umenikata miguu? Akiona hivi si atadhani nimekuwa kiwete?"

Hakuna mtu katika studio ile aliyekuwa amewaza jambo hilo. Kwa mjomba picha ya sura ni uso. Kwa nyanya, picha ya kupelekwa ng'ambo ni ushahidi kwamba yu mzima na anasimama kwa miguu yake. Basi akasimama, akajifunga leso yake vizuri, akapigwa mzima mzima mpaka viatu. Alinunua mbili. Angalionyeshwa mwisho, baada ya kuvua viatu na mjukuu kuita bodaboda, kazi ingekuwa imeharibika, na pengine hangerudi tena, maana alitoka mbali.

Tazameni tofauti. Nyanya aliulizwa kuhusu picha: je, hii ndiyo uliyoitaka? Msichana alikuwa akijiuliza kuhusu uso wake. Swali la kwanza lina jibu, nalo hurekebishwa kwa dakika mbili: kola imekunjika, miwani inametameta, miguu imekatwa. Swali la pili halirekebishwi na kamera yoyote. Kwa maoni yangu mpiga picha aonyeshe, ila achague wakati. Apige kadhaa kwanza mpaka mtu azoee, kisha asimame na kumwonyesha moja au mbili nzuri, amwulize nguo na mkao, halafu aendelee bila kuonyesha tena hadi mwisho. Mjomba sasa hufanya hivyo. Wale wanaokataa katakata kujiona, na wapo, hawalazimishi.

Tena aonyeshe vizuri. Kile kioo cha nyuma ni kidogo, na juani picha huonekana nyeusi hata ikiwa sawa. Sisi hufunika kwa kitambaa cheusi mteja akachungulia. Mpiga picha naye asidanganywe na udogo wake: picha iliyotikisika kidogo huonekana safi pale mpaka uikuze.

Jambo jingine ambalo halikutajwa kwenye mjadala ni lile la ubao wa nje. Mteja akisema "hii ni nzuri," hajasema itundikwe barabarani. Kenya ilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Data mwaka 2019, na mwaka 2023 shule moja ilitozwa shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Mjomba aliposikia hayo aliondoa picha saba ubaoni siku hiyo hiyo, moja ikiwa yangu.

Aliye na shaka kuhusu mambo ya kioo afanye jaribio hili. Achukue picha moja ya uso wake, aigeuze kushoto kulia kwa simu ya mzazi, kisha aziweke zote mbili kando kando. Achague anayoipenda bila kusema, halafu amwombe rafiki yake achague. Nimelifanya na wenzangu wanne wa Kidato cha Tatu. Watatu walitofautiana na rafiki zao, na wa nne alisema zote mbili ni mbaya.