Hodi ya Ndama: Interferoni-Tau

Kisa hiki si kigeni nyumbani: ng'ombe kahimilishwa, hela imetoka, halafu siku ya 21 huyo, karudi kwenye joto! Lawama zote kwa mtaalamu wa mbegu. Pengine tunamwonea bure.

Mwaka 1957, hapa hapa London, mtaa wa Mill Hill, Alick Isaacs na Jean Lindenmann waligundua interferoni, protini inayosaidia seli kupambana na virusi. Mwaka 1987 ikajulikana kwamba kiinitete cha kondoo nacho hutoa aina yake. Cha ng'ombe vilevile. Ndiyo interferoni-tau.

Kazi yake? Kwenye ovari kuna tezi ya manjano inayotoa projesteroni, homoni ya kutunza mimba. Pasipo mimba, mji wa mimba humwaga prostaglandini, tezi inakufa, joto linarudi. Kiinitete kikitoa interferoni-tau ya kutosha, hasa siku ya 15 hadi 17, prostaglandini inazuiwa. Ni kama kupiga hodi: "Mama, nimo humu!"

Maabara ndiyo iliyothibitisha nani anabisha. Viinitete vilivyokuzwa kwenye sahani huanza kuitoa vikiwa na siku 7 au 8 hivi, bila mama kuwepo. Utafiti wa Marekani wa 2001 ulikuta vya kike vikitoa takriban mara mbili ya vya kiume. Kwa hiyo wingi wa mapema peke yake si kipimo cha ubora.

Basi, ng'ombe akirudi kwenye joto, tuulize kwanza: je, kiinitete kilikuwepo, na hodi yake iliwahi?