Nyota Moja Ambayo ni Majua Matatu

Mvua zikiisha kukatika, na upepo mkavu wa kiangazi ukianza kupita juu ya mafunjo ya Lualaba, mbingu za Malemba-Nkulu hutakata. Wavuvi watandao nyavu zao gizani huzijua nyota za majira hayo bila kufundishwa na mtu. Katika mwezi wa Juni, yapata saa tatu ya usiku, kabla moshi wa nyika ziunguazo haujazidi, mtu akisimama ukingoni na kuelekeza uso wake kusini, kule yanakotoka maji ya mto, ataona nyota mbili zenye kung'aa sana, zimekaa karibu karibu kama mapacha. Upande wao wa kuume zipo nyota nne zifanyazo umbo la msalaba ulioinama. Ndio uitwao Msalaba wa Kusini. Katika zile mbili, iliyo karibu na Msalaba ni nyeupe inayoelekea samawati. Ya pili, iliyo upande wa kushoto, inang'aa kuliko mwenzake, na rangi yake ni ya manjano kidogo. Somo hili lahusu hiyo ya kushoto. Wenye elimu ya nyota huiita Alfa Sentauri, kwa jina la kiumbe cha hadithi za Wayunani, nusu mtu na nusu farasi.

Mkatekumeni aweza kumwuliza katekista wake: «Mwalimu, katika nyota zote hizi, ni ipi iliyo karibu nasi zaidi?» Na mwenzake, kabla mwalimu hajafumbua kinywa, atajibu kwamba ni ile ing'aayo kuliko zote. Jibu hilo lina akili, lakini si la kweli. Kibatari kilicho mlangoni pa jirani na taa kubwa ya mashua iliyo mbali mtoni zaweza kuonekana sawasawa. Nyota ing'aayo kuliko zote usiku, ambayo wataalamu huiita Sirius, iko mbali karibu mara mbili ya Alfa Sentauri. Ya pili kwa kung'aa, Canopus, iko mbali zaidi ya mara sitini. Hata yule pacha wa Alfa Sentauri si pacha wake kamwe: umbali wake ni mara themanini au tisini ya umbali wa mwenzake, nao wameonekana bega kwa bega kwa sababu tu wametokea katika mstari mmoja mbele ya macho yetu. Jicho huona mwangaza, umbali haulioni.

Tena katekista mwerevu atamjibu hivi: «Nyota iliyo karibu kuliko zote haionekani usiku. Ni Jua.» Hapo wanafunzi watacheka, wakidhani ni mzaha. Si mzaha. Jua ni nyota, na nyota ni majua. Tofauti iliyopo baina ya Jua na vile vimulimuli vya usiku ni umbali, na pengine ukubwa. Lakini asili yao ni moja, yaani tufe kubwa la gesi yenye moto mkali ulio ndani yake yenyewe. Na Alfa Sentauri yafaa kujulikana kwa sababu sehemu yake iliyo kubwa imefanana na Jua letu kuliko nyota nyingi. Joto la uso wake ni karibu sawa na la Jua, yaani zaidi kidogo ya digrii 5,500. Uzito wake wapita ule wa Jua kwa sehemu moja hivi ya kumi, na mwanga wake ni mwanga wa Jua na nusu yake.

Imesemwa «sehemu yake iliyo kubwa», kwa maana Alfa Sentauri si nyota moja. Aliyelivumbua jambo hili alikuwa padri mmisionari. Mwezi wa Desemba mwaka 1689, huko Pondicherry katika Bara Hindi, Mjesuiti Mfaransa, Padri Jean Richaud, alikuwa akiifuata kwa darubini nyota yenye mkia iliyotokea siku hizo. Njia ya nyota ile ilimpeleka karibu na Alfa Sentauri, akaitazama, akaona kwamba mahali pa nuru moja ziko nuru mbili. Hakuwa akizitafuta. Alitafuta kitu chenye mkia, ambacho baada ya muda kilitoweka. Alichokiona pembeni ndicho kilichobaki.

Nyota hizo mbili huitwa A na B. A ndiyo ile iliyofanana na Jua. B ni ndogo kidogo, rangi yake yaelekea machungwa, na mwanga wake ni kama nusu ya mwanga wa Jua letu. Hazikukaa tu, huzungukana. Watoto wawili wakishikana mikono na kuzunguka kwa kasi, yule mzito hufanya duara dogo na yule mwepesi hufanya duara kubwa, lakini wote wawili huzunguka, wala hakuna aliye nguzo ya mwenzake. Ndivyo zilivyo A na B. Mzunguko wao si duara kamili bali umerefuka kama yai, hata mara hukaribiana na mara hutengana. Zikikaribiana, umbali baina yao ni mara kumi na moja ya umbali wa dunia na Jua. Zikitengana, ni mara thelathini na sita hivi. Mzunguko mmoja huchukua karibu miaka 80. Zilikaribiana mwaka 1955, nazo zitakaribiana tena mwaka 2035. Mzee aliyezaliwa mwaka ule wa 1955 katika kijiji cha ukingoni mwa Lualaba, akijaliwa kufika mwaka 2035, atakuwa ameishi mzunguko mmoja kamili wa majua hayo mawili.

Lakini umbali wenyewe ulijulikanaje, ikiwa hakuna awezaye kunyosha kamba mpaka kule? Habari hii yahitaji kuelezwa polepole.

Mtu aliyeketi ndani ya mtumbwi unaoteremka na maji hutazama mchikichi ulio ukingoni, na nyuma yake, mbali sana, mlima. Mtumbwi ukiendelea, mchikichi huonekana kama unarudi nyuma mbele ya mlima, hali mlima haukusogea. Mchikichi ukiwa karibu husogea sana. Ukiwa mbali husogea kidogo. Basi mtu akijua mtumbwi umekwenda hatua ngapi, na mchikichi umesogea kiasi gani, aweza kufanya hesabu na kuujua umbali wa mchikichi bila kushuka majini. Sasa dunia yetu ni huo mtumbwi. Kila mwaka yalizunguka Jua mara moja, na baada ya miezi sita iko upande wa pili, kilomita milioni 300 kutoka pale ilipokuwa. Nyota iliyo karibu itaonekana imesogea kidogo mbele ya nyota zilizo mbali.

Kusogea huko ni kudogo ajabu. Kwa Alfa Sentauri ni kama upana wa ukucha wa kidole, sentimeta moja, ukitazamwa kutoka umbali wa zaidi ya kilomita moja. Si ajabu kwamba watu walitafuta miaka mingi bila kukipata kipimo hicho.

Mwaka 1832 Mskoti mmoja, Thomas Henderson, alifika Rasi ya Tumaini Jema, kwenye ncha ya Afrika, kuiongoza nyumba ya kuchunguzia nyota iliyojengwa karibu na Cape Town. Zamani alikuwa karani wa wanasheria, macho yake hayakuwa mazima, na elimu ya nyota aliijifunza katika saa zake za kupumzika. Mahali pale hakupapenda hata kidogo. Alikaa mwaka mmoja na zaidi kidogo, akarudi kwao mwaka 1833. Hata hivyo katika muda ule mfupi alipima mahali pa nyota nyingi za kusini, na Alfa Sentauri ikiwamo. Alipozifanyia hesabu karatasi zake huko Uskoti, aliona kwamba Alfa Sentauri ilikuwa imesogea. Alikuwa ameshika mkononi kitu kilichotafutwa na wenye akili wengi.

Lakini hakusema. Alikihofia chombo alichokitumia, kwamba huenda kilikuwa na kasoro. Na wengine waliomtangulia walikuwa wametangaza vipimo vya namna hiyo, baadaye vikaonekana si vya kweli. Akangoja vipimo vingine. Mwaka 1838 Mjerumani, Friedrich Bessel, alitangaza umbali wa nyota nyingine ya upande wa kaskazini, naye akahesabiwa kuwa wa kwanza. Henderson alitangaza ya kwake mwezi wa Januari mwaka 1839, amechelewa. Wako wamcheko kwa woga wake. Pengine si haki kumcheka: mtu anayeogopa kusema uongo kuliko anavyopenda kusifiwa si mtu wa kudharauliwa. Tena hofu yake ilikuwa na sababu, kwani kwa hesabu yake nyota ilikuwa karibu zaidi ya ilivyo kweli.

Vipimo vya leo ni hivi. Mwanga hukimbia kilomita 300,000 kwa sekunde moja. Kutoka Mwezini hutufikia kwa muda wa sekunde moja na kidogo. Kutoka kwenye Jua, kwa dakika nane. Kutoka Alfa Sentauri husafiri usiku na mchana miaka minne na miezi minne na zaidi. Ni kilomita milioni milioni 41.

Hesabu kama hiyo haiingii akilini. Afadhali kutumia machungwa. Jua liwe chungwa la sentimeta kumi, limewekwa sokoni Malemba-Nkulu. Dunia itakuwa punje ya ulezi, iliyo mita 11 kutoka kwenye chungwa. Basi chungwa la pili, kubwa kidogo, ambalo ndilo nyota A, litawekwa wapi? Si ng'ambo ya mto. Si Kamina, wala Lubumbashi. Litawekwa kilomita 3,000 kutoka Malemba-Nkulu, na huo ndio umbali wa kufika Cape Town, mji ule ule ambako Henderson alipima. Kando yake liwekwe chungwa dogo la B, mara mita 120, mara mita 380. Na katikati ya masoko hayo mawili, katika nchi hiyo yote, karibu hakuna kitu.

Karibu, kwa maana kipo kitu kidogo kilichosahauliwa. Mwaka 1915 Robert Innes, aliyekuwa muuza mvinyo kabla ya kuwa mchunguzi wa nyota, alilinganisha huko Johannesburg picha mbili za anga zilizopigwa kwa kupitana miaka mitano. Kati ya maelfu ya nukta aliona moja hafifu iliyokuwa imehama, nayo ilihama kwa namna ile ile ya Alfa Sentauri. Ilikuwa nyota ya tatu, ndugu mdogo. Katika mfano wa machungwa, yeye ni karanga, naye yuko kilomita 140 hivi mbali na yale machungwa mawili. Mwanga wake haufiki hata sehemu moja ya mia tano ya mwanga wa Jua, na jicho tupu haliwezi kumwona. Huzizunguka A na B mara moja kwa muda wa zaidi ya miaka 500,000. Lakini kwa sasa yuko upande wetu kidogo, miaka minne na robo ya mwanga, hata akapewa jina la Kilatini, Proxima, maana yake «aliye karibu zaidi». Basi swali la yule mkatekumeni limepata jibu lake: nyota ya usiku iliyo karibu nasi kuliko zote ni nyota isiyoonekana.

Mwaka 2016 ilijulikana kwamba Proxima ana sayari yenye uzito kama wa dunia au zaidi kidogo, imzungukayo kwa siku 11 tu. Mwaka 2025 ziliripotiwa dalili za sayari kubwa karibu na A, ambazo zangoja kuthibitishwa. Safari ya kwenda huko si ya kuzungumzwa leo: chombo Voyager 1, kilichorushwa mwaka 1977, kwa mwendo wake wa kilomita 17 kwa sekunde, kingehitaji zaidi ya miaka 70,000 kuumaliza umbali huo.

Liko jambo la mwisho, nalo lahusu mfuko wa mtu. Hapa na pale hutokea watu wasemao kwamba fulani ana nyota mbaya, na kwamba kwa mbuzi mmoja au kwa fedha nyota yake yaweza kusafishwa. Mama aliyefiwa na watoto husikiliza maneno hayo kwa urahisi, naye hastahili kulaumiwa; alaumiwe amwuzaye. Na atazame nyota hii iliyo jirani kuliko zote zinazoonekana. Nuru aionayo juu ya paa lake usiku wa leo iliondoka kule kabla mtoto wake wa miaka minne hajazaliwa. Ikiwa ni ya yule pacha mweupe, iliondoka karibu miaka 390 iliyopita. Ni nani atakayepanda na maji na sabuni kwenda kuosha moto uliokwisha kuwaka zamani hivyo?

Na kama angekuwapo mtu aliyesimama karibu na A, akatazama usiku wake kuelekea kwetu, angeliona Jua letu kama nyota moja njema kati ya nyingi. Malemba-Nkulu, Lualaba na dunia yote asingeviona.

Maulizo. Kwa nini nyota ing'aayo zaidi si lazima iwe karibu zaidi? Padri Richaud alikuwa akitafuta nini alipoona kwamba Alfa Sentauri ni mbili? Mtumbwi na mchikichi vyafundisha nini juu ya kupima umbali wa nyota? Henderson alifanya vema au vibaya kungoja, na kwa sababu gani?

Kazi. Katika mwezi wa Juni, kila mmoja atazame kusini saa tatu ya usiku, achore Msalaba na zile nyota mbili jinsi zilivyosimama. Achore tena saa sita ya usiku ile ile, kisha alete michoro yote miwili kwa katekista.