Amplifaya na spika za sebuleni: sikia kwanza, PIN baadaye

Somo la leo ni la wale wanaoweka shilingi mbili tatu pembeni ili nyumbani kuwe na sinema ya kweli. Runinga ipo, kilichobaki ni sauti. Kuanzia Mtongwe hadi Mtopanga, Chaani hadi Magongo, ununuzi wa namna hii siku hizi unamalizika kwa simu: sekunde chache tu, pesa zishaenda. Lakini spika zikiwa zimepangwa dukani zote zinapendeza. Kasoro hutokea zikishafika nyumbani. Kwa hivyo tujifunze kuzijua kabla vidole havijafika kwenye PIN.

1. Anza na chumba, usianze na duka

Pima unapokaa. Chumba cha futi kumi kwa kumi hakihitaji mtambo sawa na sebule ya mita tano kwa nne. Hesabu pia ni mita ngapi kutoka kwenye kochi hadi kwenye runinga. Watu wengi hukaa mita mbili au tatu tu, na kwa umbali huo huhitaji nguvu nyingi.

Nyuma ya spika, au kwenye karatasi yake, tafuta namba ya desibeli, kwa mfano 88 dB. Maana yake ni kwamba ukiipa wati 1 tu, ukasimama mita 1 mbele yake, utapata desibeli 88. Hiyo tayari ni sauti ya kumfanya mtu aongee kwa nguvu. Kila ukiongeza wati mara mbili, unapata desibeli 3 zaidi: wati 2 ni 91, wati 4 ni 94, wati 8 ni 97, wati 16 ni 100. Kwa hivyo kutoka amplifaya ya wati 50 hadi ya wati 100 unaongeza desibeli 3 peke yake. Ni tofauti ndogo masikioni, ila kwenye bei huenda ikawa kubwa.

2. Wati za kweli na wati za kwenye boksi

Utaona boksi limeandikwa wati 5,000, wati 10,000, kwa herufi za kung'aa. Angalia herufi ndogo zinazofuata. Zikiwa PMPO, hiyo ni namba ya matangazo. Inahesabu mshindo wa kufumba na kufumbua, na kila kiwanda kinaihesabu kivyake. Zikiwa RMS, hizo ndizo nguvu ambazo mtambo unaweza kuzitoa mfululizo. Linganisha RMS kwa RMS.

Kuna ujanja mwepesi wa kumkagua muuzaji bila ugomvi. Geuza mtambo, soma kibandiko cha stima. Kama kimeandikwa kwamba mtambo unavuta wati 60 ukutani, hauwezi kutoa wati 1,000 mfululizo kwenye spika. Nguvu haizaliwi njiani. Wazee walishasema, debe tupu haliachi kuvuma.

3. Omu: hapa ndipo amplifaya huungua

Kila spika ina namba ya omu, alama yake ni Ω. Za kawaida ni 4, 6 na 8. Amplifaya nayo, karibu na matundu ya waya za spika, imeandikwa kiwango inachokubali, mathalan 6 hadi 16. Spika ya omu 4 kwenye amplifaya hiyo itaivuta kupita uwezo wake. Itapata moto, itajizima, na kama haina kinga itaungua.

Kosa linaloonekana sana ni la kuongeza spika. Una mbili za omu 8, kila moja upande wake, na mambo ni sawa. Kisha unataka mbili nyingine za barazani, na fundi anaunga waya mbili kwenye tundu moja. Spika mbili za omu 8 zilizoungwa hivyo, sambamba, huwa mzigo wa omu 4. Ikiwa amplifaya yako mwisho wake ni 6, siku hiyo umeiandikia kifo. Muulize fundi swali moja: "Ukishaunga hivi, omu zitakuwa ngapi?" Akishindwa kukujibu, mwambie asubiri.

Jambo la pili: usidhani amplifaya dogo haliwezi kuharibu spika kubwa. Likisukumwa mpaka mwisho wa kitufe, sauti inaanza kukwaruza. Mkwaruzo huo ni mawimbi yaliyokatwa vichwa, na ndiyo unaounguza twita, ile spika ndogo ya sauti za juu. Ukisikia mkwaruzo, punguza.

4. Sauti ya mtu kwanza, mshindo baadaye

Kama utakumbuka jambo moja katika somo hili, liwe hili. Sinema ni maneno. Mechi ni mtangazaji. Na zile filamu ambazo DJ Afro anazisimulia kwa Kiswahili zimebebwa na sauti yake tangu mwanzo hadi mwisho. Besi ikimfunika, umenunua kelele. Lakini dukani muuzaji huanza kwa kukupigia besi, kwa sababu besi ndiyo inayotikisa kifua na kufungua pochi.

Namba za 2.0, 2.1 na 5.1 zisikutishe. Namba ya kwanza ni idadi ya spika za kawaida, ya pili ni spika ya besi. 2.1 ni spika mbili na besi moja. 5.1 ni mbili za mbele, moja ya katikati, mbili za nyuma, na besi moja. Ile ya katikati ndiyo inayobeba mazungumzo mengi ya sinema, kwa hivyo ukinunua seti ya 5.1 usikubali ya katikati iwe ndiyo dhaifu kuliko zote. Na kama pesa ni za kubanana, spika mbili nzuri hushinda sita za plastiki. Besi unaweza kuiongeza mwakani.

Nenda dukani na flashi yako. Weka filamu unayoijua maneno yake, na wimbo mmoja wa bango au taarabu. Sikiliza mambo matatu. Je, kila neno linasikika bila kuongeza sauti? Ukipunguza sana, kama vile watoto wamelala, maneno bado yapo? Ukipandisha hadi robo tatu, kuna mkwaruzo? Mwambie muuzaji aweke besi na treble katikati kabla hujaanza. Hiyo ni haki yako, si ukorofi.

Uliza pia mtambo utaungwa vipi na runinga yako. Piga picha ya mgongo wa runinga kabla hujatoka nyumbani. Runinga nyingi za sasa zina HDMI yenye alama ARC, inayotoa sauti kwenda kwenye amplifaya. Amplifaya za zamani zina matundu mekundu na meupe tu. Ikiwa runinga yako inatoa sauti ya dijitali peke yake, utahitaji kifaa cha kugeuza, na hicho nacho kina bei yake.

5. Mambo ya Pwani

Hewa yetu ina chumvi na unyevu. Kwa spika ya mtumba, bonyeza taratibu kwa kidole ile pete laini inayozunguka koni. Ikiwa ni ya sponji na inamung'unyika, imekwisha. Pete ya mpira hudumu zaidi. Tazama matundu ya waya: ukiona ukijani, kutu imeshaingia.

Halafu stima. Kenya tunatumia volti 240. Mitambo ya ex-UK haina shida hapo, maana Uingereza ni karibu sawa na sisi. Lakini mtambo uliotengenezwa kwa soko la Japani huwa wa volti 100, na wa Marekani volti 120. Ukiuchomeka moja kwa moja, utasikia harufu kabla ya muziki. Kibandiko kikisema 230–240V, au 100–240V, uko salama. Kikisema 100V au 120V peke yake, itabidi ununue transfoma ya kushusha umeme, kwa hivyo ijumlishe kwenye bei kabla ya kusema ni bei ya kutupa. Na kwa sababu stima zetu hupanda na kushuka, weka pesa za kilinzi, kile dukani wanaita TV guard.

Nyumbani, weka spika usawa wa masikio ya mtu aliyekaa, zikiwa zimeachana kiasi, na wewe ukiwa ncha ya tatu ya pembetatu. Sakafu ya tailsi na kuta tupu hurudisha mwangwi na kuchafua maneno. Zulia, mkeka na mapazia mazito hutibu hilo kwa bei nafuu kuliko amplifaya mpya. Spika ya besi ukiibana kwenye kona itavuma zaidi, na jirani ataisikia kabla yako. Kanuni za NEMA za mwaka 2009 kuhusu kelele huhesabu usiku kuanzia saa mbili, na kiwango cha maeneo ya makaazi hushuka sana kuanzia hapo.

6. Gawa bajeti, kisha piga hesabu ya mdogo mdogo

Tuseme una 30,000. Mgawo mmoja mzuri ni 16,000 za spika, 10,000 za amplifaya, na 4,000 za waya, kilinzi na usafiri. Spika zichukue fungu kubwa kwa sababu ndizo unazozisikia, na zikitunzwa zitaishi kuliko amplifaya mbili.

Sasa tuseme umeona seti ya 22,000 taslimu, au kwa mdogo mdogo: deposit 4,000, kisha 150 kila siku kwa siku 180. Mia na hamsini inaonekana ni pesa ya chai. Lakini 150 mara 180 ni 27,000. Ongeza deposit, ni 31,000. Umelipa 9,000 juu. Jaribu njia nyingine: weka hiyo 4,000 kwenye akiba ya simu iliyofungwa, kisha ongeza 150 ile ile kila siku. Zilizobaki ni 18,000, na utazifikisha kwa siku 120. Yaani miezi minne ya kungoja, seti ni yako, na 9,000 umebaki nazo. Hatusemi mdogo mdogo ni mbaya. Tunasema jumlisha hadi mwisho kabla hujatia sahihi.

7. Siku ya kulipa

Hapa ndipo kazi yetu sisi na yako zinakutana. Ukishavusha spika feri hadi Likoni, kuzirudisha mjini ni jasho na nauli nyingine. Kwa hivyo fuata mpangilio huu.

Sikiliza mtambo ule ule utakaobeba, si wa maonyesho. Boksi lifunguliwe, uchomekwe, ulie.

Lipa kwa till au paybill ya duka, si kwa namba binafsi ya mfanyakazi. Kwenye M-Pesa, ukilipa kwa till ya bidhaa mnunuzi hakatwi ada, kwa hivyo "tuma kwa hii namba, ndiyo rahisi" si hoja. Jina likitokea kwenye simu, lisome kabla hujathibitisha malipo. Likiwa halifanani na duka, uliza, na usiridhike na jibu la haraka haraka.

Usitume "pesa ya kushikilia mzigo" kwa mtu wa mtandaoni usiyemjua, hata akikutumia picha, kitambulisho na sauti ya upole. Mzigo mzuri utasubiri uje uusikie.

Dai risiti. Ujumbe wa simu unaonyesha kiasi, jina, saa na namba ya muamala, lakini hausemi ulinunua nini. Risiti iandikwe aina ya mtambo, namba yake ya kiwandani, muda wa waranti, na ile namba ya muamala. Ukiwa na hivyo viwili, duka haliwezi kukwambia hukununua kwao. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Na ukikosea namba wakati wa kutuma kwa M-Pesa, peleka ujumbe wote wa muamala kwa 456 pale pale. Usingoje ufike nyumbani. Aliyepokea akishazitoa, kuzipata tena ni kazi ngumu.

Jikumbushe mlangoni mwa duka

Nimepima chumba? Nimesoma RMS? Omu za spika na za amplifaya zinapatana? Volti ni zetu? Inaungika na runinga yangu? Nimesikia maneno ya filamu, au nimesikia besi tu? Jina kwenye simu ni la duka hili?

Saba zote zikiwa ndiyo, weka PIN. Hata moja ikiwa bado, pesa ziko salama pale zilipo, na duka litafunguliwa tena kesho.